Mzaliwa wa Nairobi na Samaki wa Ziwa Letu

Kiko kitabu kinachopita mikononi mwa vijana wa pwani yetu, toka Uvira mpaka Makobola na Mboko, nacho kimeandikwa ili kuonyesha ya kuwa Mungu hayuko. Kwa Kiingereza kilitolewa mwaka 2006, jina lake The God Delusion. Wafaransa wakakitoa mwaka 2008 wakakiita Pour en finir avec Dieu. Jina la Kiingereza lasema tu kwamba anayemsadiki Mungu amedanganyika. La Kifaransa limeongeza ukali, kana kwamba shauri la Mungu ni kesi ya kufungwa leo kabla ya chakula cha mchana. Wanafunzi wanaorudi likizo husoma hicho cha Kifaransa, na wakiisha kukisoma huja kwa katekista na maswali yao. Wengine huja kwa kiburi, wengine kwa haya, mmoja mmoja kwa machozi. Nao wazazi hutuomba tuseme kitabu kichomwe moto. Hatutasema hivyo. Kitabu kilichokwisha kusomwa hakijibiwi kwa kiberiti. Tumekisoma chote, sura kumi, na hapa twataka kuwaeleza ndugu wasomaji yaliyo mema ndani yake na yaliyo mabovu, tena na jambo moja ambalo mwandishi amelipita mbio, ingawa kwetu sisi wa Makobola ndilo jambo lenyewe.

Kwanza tumjue mwandishi. Richard Dawkins alizaliwa Nairobi tarehe 26 Machi 1941. Baba yake alikuwa bwana shamba wa serikali ya Kiingereza katika Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, naye alikuwa ameitwa Kenya kwa ajili ya vita. Mtoto akapita miaka yake ya kwanza Afrika, kisha wazazi wakarudi naye Uingereza mwaka 1949. Huko alisoma elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Oxford, na baadaye akafundisha huko huko. Alilelewa katika Kanisa la Anglikana, akaiacha imani angali kijana wa shule. Basi si mtu asiyejua kabisa nchi zetu. Mwaka 2004 alitoa kitabu kingine kikubwa, The Ancestor's Tale, na ndani yake mna kisa cha samaki wa maziwa yetu: Viktoria, Malawi na Tanganyika. Kisa hicho ni kizuri. Twapenda kuanza nacho, maana hakimi anayemhukumu mtu bila kutaja wema wake hasikilizwi.

Wavuvi wetu wamjua kuhe. Wamjua pia ndagala na mukeke, lakini hao ni wa koo nyingine. Kuhe ni wa ukoo ambao wataalamu huuita sikilidi, naye ndiye mkubwa kuliko wote wa ukoo huo katika ziwa letu. Wadogo zake ni wengi mno. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na umri wa miaka milioni 9 mpaka 12, na ndani yake mna namna karibu 240 za sikilidi, ambazo karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wako wanaokwangua majani mororo juu ya mawe kwa meno mfano wa brashi. Wako wadogo wanaotaga na kujificha ndani ya ganda tupu la konokono. Yuko mama anayetunza mayai yake kinywani mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Tena yuko mwizi mmoja ambaye hali samaki wazima, bali huwavamia kwa nyuma na kuwang'oa magamba ubavuni, kisha hukimbia.

Mwizi huyu, ambaye kwa jina la elimu huitwa Perissodus microlepis, amejulikana duniani pote kwa sababu ya mdomo wake. Mdomo wake umepinda. Kwa wengine umepinda kuelekea kuume, kwa wengine kushoto. Mwenye mdomo wa kuume hupiga ubavu wa kushoto wa samaki anayemvizia, na mwenye mdomo wa kushoto hupiga ubavu wa kuume. Mjapani mmoja, Michio Hori, aliwachunguza samaki hawa upande huu wa kaskazini wa ziwa kwa miaka mingi, na mwaka 1993 akaandika aliyoyaona. Wenye mdomo wa kuume wakizidi, samaki wanaoibiwa hujifunza kulinda ubavu wa kushoto. Ndipo wenye mdomo wa kushoto, walio wachache, hupata chakula kwa urahisi, hunenepa, huzaa watoto wengi wenye mdomo kama wao, nao huwa wengi. Lakini wakisha kuwa wengi, ulinzi huhamia ubavu wa pili, na bahati yageuka tena. Hivyo hesabu yapanda na kushuka, ikizunguka nusu kwa nusu, kama watoto wawili juu ya ubao wa bembea. Hakuna aliyewaamuru. Hiyo ndiyo kazi ambayo Darwin aliiita uteuzi wa asili, nayo yaonekana mahali tunapoogea.

Basi Dawkins asemapo kwamba samaki hawa wametokana na mababu wachache walioingia maji haya zamani, wakageuka kidogo kidogo wakawa namna mamia, asema kweli. Mkristu asimbishie. Anayembishia hapo apigana na mawe ya ziwa.

Kijana atauliza: kama samaki wamegeuka hivyo, na mtu je? Tena kitabu cha Mwanzo chasema siku sita. Twajibu ya kuwa Kanisa halikungoja kitabu cha mwaka 2006 ndipo lifikiri neno hili. Tarehe 12 Agosti 1950 Baba Mtakatifu Pio wa XII, katika barua yake Humani Generis, alitoa ruhusa kwa wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitokana na kiumbe hai kilichotangulia. Bali juu ya roho alishika ya kuwa yaumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Mwaka 1996 Yoane Paulo wa II aliwaandikia wanachuo wa sayansi wa Vatikano kwamba elimu hiyo ya mageuko sasa yazidi kuwa dhana tupu, kwa kuwa ushahidi umekuja toka pande nyingi zisizopatana shauri mbele. Na kuhusu siku sita, msomaji na afungue Biblia yake mwenyewe. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo wanyama waumbwa kwanza, mtu baadaye. Katika sura ya pili mtu aumbwa kwanza, wanyama baadaye. Aliyeziweka sura hizo mbili bega kwa bega hakuwa mjinga asiyejua kuhesabu. Alijua ya kuwa hasimulii mpango wa kazi wa juma moja. Mtakatifu Agostino, aliyekuwa Mwafrika, aliwaonya Wakristu zaidi ya miaka 1,600 iliyopita wasiseme upuuzi juu ya mbingu na nyota mbele ya wasiosadiki wenye elimu, maana hao wakisikia upuuzi katika jambo wanalolijua, watatusadikije tukiwaambia habari za ufufuko?

Neno hilo la Agostino lingali na kazi huku kwetu. Wako wahubiri wa mabarabarani, na mara nyingine hata watu wetu, wanaofundisha kwamba dunia ina miaka 6,000 tu na kwamba anayesema zaidi ni mtumishi wa shetani. Mtoto anayefundishwa hivyo, siku atakapopelekwa na mwalimu wake katika kituo cha utafiti wa maji cha Uvira na kuwaona samaki ndani ya chupa, atalazimika kuchagua kati ya macho yake na katekista wake. Dawkins hahitaji kumfanyia kazi yo yote tena. Kazi imekwisha kufanywa.

Hayo ndiyo mema ya kitabu, na tumeyapima kwa kipimo kilichojaa. Sasa tuingie penye moyo wa hoja yake, yaani sura ya tatu na ya nne.

Sura ya tatu yashughulika na dalili za kuwapo kwa Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino na njia zake tano amepewa kurasa chache tu, kisha aambiwa apishe. Hapo tulisikitika, si kwa sababu Tomaso haguswi, bali kwa sababu aliyehukumiwa siye Tomaso. Dawkins afikiri kwamba Tomaso apanga sababu kama watu waliopanga mstari tangu kale: hiki kilisukumwa na kile, kile na kingine kilichotangulia, mpaka mwanzo wa siku, kisha ati Tomaso achoka kuhesabu, akasema wa mwisho ndiye Mungu. Naye auliza kwa nini mstari ukome hapo. Swali zuri, kama Tomaso angesema hivyo. Lakini Tomaso aliandika wazi, katika Somma yake, sehemu ya kwanza, swali la 46, ya kuwa akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba dunia ilikuwa na mwanzo. Jambo hilo twalijua kwa imani. Baba alizaa mwana, baba akafa, na mwana azaa wake: mstari wa namna hiyo, kwa Tomaso, akili haiwezi kuukataza usirudi nyuma pasipo mwisho.

Mstari anaousema katika njia zake ni mwingine kabisa. Tazama mvuvi katika mtumbwi. Maji yasukumwa na kasia, kasia lasukumwa na mkono, mkono na mtu, yote katika dakika ile ile. Mkono ukiacha, kasia si kitu ila ubao. Unganisha makasia mia kwa kamba, moja nyuma ya jingine, hata elfu: hakuna litakalosukuma maji bila mkono. Tomaso auliza ni nani anayevishika vitu hivi sasa visianguke katika utupu, wala hashughuliki hapo na nani aliyeanza zamani. Unaweza kukataa jibu lake. Wako wenye akili wanaolikataa. Lakini ulijibu swali lake, usijibu la jirani yake.

Kosa lilo hilo la kuchanganya mwanzo wa siku na msingi wa vitu hufanywa pia na watu wa upande wetu, na hapa twataka kusimulia habari ya Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa hesabu katika Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu wote watanuka, na mwaka 1931 akatoa wazo la kwamba ulianza kama chembe moja ya kwanza. Wataalamu wa siku zile wengi walimtilia shaka, wengine wakidhani padre ataka kuingiza kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Sasa jambo hilo lakubaliwa karibu na wote. Lakini tarehe 22 Novemba 1951 Pio wa XII, kwa furaha, alisema mbele ya wanachuo wake maneno yaliyosikika kana kwamba elimu mpya yashuhudia lile neno la Mungu la kuumba nuru. Lemaître hakufurahi hata kidogo. Yeye alishika kwamba hesabu zake hazimthibitishi Mungu wala hazimkani. Akawasihi washauri wa Roma, na mwaka 1952, alipozungumza na wataalamu wa nyota waliokusanyika huko, Baba Mtakatifu hakulirudia neno lile. Padre alimzuia Papa asitumie sayansi ya padre mwenyewe kuwa dalili ya imani! Twatamani wahubiri wetu wanaopiga kelele juu ya mlipuko mkubwa waikumbuke habari hii.

Turudi kwa Dawkins. Sura ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na mwanafunzi asiirukie. Hoja yake ni hii. Mnasema jicho la samaki ni gumu mno kutokea bila fundi. Vema. Lakini fundi anayeweza kutengeneza jicho lazima awe mgumu na wa ajabu zaidi ya jicho. Naye nani amemtengeneza? Kama hahitaji fundi, basi hata jicho lisihitaji. Na kwa kuwa uteuzi wa asili waeleza jicho hatua kwa hatua, fundi hana kazi tena.

Twakubali kwamba mshale huo wapiga. Wapiga yule mungu anayehubiriwa na wahubiri wavivu: mzee mkubwa mwenye karakana mbinguni, anayekata na kupaka rangi kila pezi la samaki kwa mkono. Mungu huyo kweli ni kitu kimoja zaidi katika hesabu ya vitu, nacho chahitaji kuelezwa kama vingine. Lakini Kanisa halikumsadiki mungu huyo kamwe. Tomaso, kabla hajasema lo lote juu ya wema au ujuzi wa Mungu, akataa katika swali la tatu kwamba Mungu ana sehemu, ya mwili au ya akili, zilizounganishwa. Kitu cho chote kilichounganishwa chahitaji cha kukiunganisha. Ndiyo maana kinachovishika vyote hakiwezi kuwa kimeunganishwa. Dawkins ajua kwamba wanateolojia husema Mungu ni sahili, naye hujibu kwamba anayesikia sala za watu wote kwa mara moja hawezi kuwa sahili. Hapo ndipo tunapoona shida yake. Kwake neno sahili ni kama chombo chenye vipande vichache, na Mungu ni kama mashine yenye nyuzi nyingi za simu. Akipima hivyo, bila shaka atapata mashine kubwa. Tafuteni mfano katika wimbo. Mwimbaji aushika wimbo wote kwa pumzi yake. Akinyamaza, hakuna wimbo. Lakini ukizihesabu sauti za wimbo moja moja hutamkuta mwimbaji kati yao, wala hutasema wimbo huu ni mrefu, kwa hiyo mwimbaji lazima awe mrefu zaidi. Mfano wetu una upungufu, kama mifano yote juu ya Mungu. Hata hivyo waonyesha mahali ambapo hoja imekosa shabaha.

Mwandishi huyu, aliye mwangalifu hivyo juu ya samaki, huwa mzembe akifika kwa watu wa dini. Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agostino katika Brno, ndiye aliyegundua kwa mbaazi zake jinsi mtoto anavyorithi wazazi, na bila yeye elimu ya Darwin ingechechemea. Dawkins amwondoa kwa maneno machache: ati kuwa mtawa kulikuwa kwake kama kupata fedha za utafiti. Mtu aliyeishi katika nadhiri mpaka kufa kwake, akawa abati! Twasema hivi bila hasira. Angefanya hivyo mwanafunzi wake juu ya samaki mmoja, angemrudishia karatasi.

Katika sura ya pili asimulia jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo waligawanywa mafungu matatu, mengine yakiombewa na Wakristu kwa majina, jingine bila kuombewa. Hapakuwa na tofauti kati ya walioombewa na wasioombewa, ila wale walioambiwa hakika kwamba waombewa walipata matatizo zaidi: 59 katika 100, kwa 52 katika 100 ya walioombewa bila kujua. Dawkins acheka. Nasi twacheka pamoja naye, maana aliyelipanga jaribio hilo alidhani sala ni kidonge na Mungu ni duka la dawa. Lakini kicheko chetu kikome upesi, kwa kuwa huku kwetu mambo hayo huua. Uvira ni mji unaojua kipindupindu. Kijidudu chake chakaa katika maji machafu. Mwaka 2020 watu wa mji walipewa chanjo ya kumeza, na mabomba ya maji safi yamefanyiwa kazi ya miaka. Na bado wako wanaojiita watumishi wa Mungu wanaowaambia akina mama kwamba mafuta yao yatosha, chanjo ni alama ya mnyama. Sala ya mama juu ya mtoto anayehara ni takatifu. Imchukue mtoto mpaka kituo cha afya.

Sura ya tisa yatuhusu sisi makatekista kuliko wote, kwa kuwa yasema si haki kumwita mtoto mdogo Mkatoliki, kama vile hatumwiti mtoto wa miaka minne mfuasi wa Marx. Aileta pia habari ya Edgardo Mortara, mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita katika mji wa Bologna, ambaye mwaka 1858 askari wa serikali ya Papa walimtwaa kwa wazazi wake kwa sababu mtumishi wa nyumba alikuwa amembatiza kwa siri. Hakurudishwa. Habari hiyo ni ya kweli, wala hatutatafuta maneno ya kuilainisha. Lakini juu ya jina la mtoto twaona hajafikiri sana. Mtoto wa Kibembe hupewa lugha kabla hajachagua lugha, na jina, na ukoo, na wafu wa kuwakumbuka. Hakuna nyumba inayomlea mtoto katika chumba kitupu mpaka awe na miaka 18. Kinachomdhuru mtoto ni kufundishwa bila kuruhusiwa kuuliza. Mtoto aliyeuliza kama wale mijusi wakubwa wa kale waliingia katika safina ya Nuhu, akajibiwa kwa fimbo, huyo amekwisha kufunguliwa sura ya kwanza ya kitabu cha Dawkins.

Tena mwandishi atumia neno moja, imani, kwa mambo yasiyofanana. Kwake imani ni kusadiki bila sababu, na ndiyo inayozaa wauaji. Pwani yetu iliona mwaka 1964 mambo mawili yaitwayo kwa neno hilo. Vijana wa Simba walinyunyiziwa maji, wakaamini kwamba risasi zitageuka maji. Wakaenda mbele wakafa kwa mamia. Na tarehe 28 Novemba mwaka huo huo Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert waliuawa Fizi, Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin wakauawa Baraka. Hao hawakuwa na maji wala hawakudhani risasi itawakwepa. Walibaki kwa kuwa watu wao walibaki. Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Anayetia mambo hayo mawili katika kapu moja hajachagua samaki wake vizuri.

Sasa tufike kwenye nusu ya ukurasa ambayo tumeitaja. Kijana wa Makobola akipoteza imani, mara chache ni kwa sababu ya Darwin. Sisi tuliokuwa watoto mwisho wa mwaka 1998 twajua ni kwa sababu gani. Kuanzia tarehe 30 Desemba mwaka huo mpaka siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, wanaume, wanawake na wachanga, wengi katika nyumba zao. Anayeuliza Mungu alikuwa wapi siku zile hakuhitaji kitabu cha Kifaransa.

Tulitafuta basi katika kurasa zote za kitabu hiki neno juu ya mateso ya wasio na kosa. Liko, dogo sana. Mwandishi asema kwamba tatizo la maovu halimkani Mungu, bali lakana tu Mungu mwema, na kwamba anayetaka kujiokoa nalo aweza kudhani tu kwamba mungu wake ni mbaya. Kisha apita. Tunamsifu kwa unyofu: hakutaka kushinda kwa machozi ya watu. Lakini hoja hiyo ndiyo iliyo nzito kuliko zote duniani dhidi yetu. Tomaso mwenyewe aliiweka ya kwanza kabla ya njia zake tano. Naye aiacha barabarani.

Tunaona pia kwa nini aiacha. Katika kitabu cha 1995, River Out of Eden, aliandika kwamba ulimwengu kwa msingi wake hauna kusudi, hauna wema wala ubaya, ila kutojali kwa upofu. Kama ni hivyo, yaliyotendwa Makobola hayakuwa maovu. Yalitukia, kama samaki mmoja avyong'oa magamba ya mwingine. Lakini Dawkins hawezi kukaa katika neno lake. Kurasa nyingi za kitabu chake zawaka hasira juu ya wauaji, watesaji na wezi wa watoto. Katika sura ya sita aeleza kwamba huruma yetu ilirithiwa toka kwa mababu waliosaidiana, na sasa yatenda kazi hata kwa wageni. Yawezekana. Hivyo aeleza jinsi tulivyopata huruma, kama Hori alivyoeleza jinsi samaki alivyopata mdomo wa kuume. Kwa nini aliyeikanyaga huruma hiyo ana hatia, hasemi. Mdomo wa kushoto hauna hatia mbele ya wa kuume.

Sisi hatuna jibu la kumweleza mama aliyezika watoto watatu siku moja, tena twamwogopa anayedai kuwa nalo. Marafiki wa Ayubu walikuwa na majibu tele, na mwishoni mwa kile kitabu Mungu awakasirikia wao, si Ayubu aliyepiga kelele. Hilo ndilo tunaloliona kwetu. Mama huyo anapouliza kwa nini, auliza kama mtu anayedai deni, naye ana hakika kwamba amedhulumiwa. Imani yake imejeruhiwa, lakini haijanyamaza. Kitabu hiki chamwambia hakuna mdaiwa, wala deni halikuwapo.

Vijana wataendelea kukisoma, nasi hatuwazuii. Anayetaka kuanza na aanze na sura ya nne, ndiyo yenye nguvu, kisha asome swali la tatu la Somma kando yake, polepole. Kisa cha samaki katika kile kitabu kingine chafaa hata kwa watoto wa shule, wakitafsiriwa. Na waliokwisha kusoma na waje Jumamosi baada ya mafundisho; tutakaa chini ya mwembe na Mwanzo, na Ayubu, na nakala hiyo ya Kifaransa, tukianzia ukurasa wanaoutaka wao.